Herufi Zina Kwao

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea, chukua kalamu uandike herufi A kubwa kwenye kipande cha karatasi. Umeandika? Haya, igeuze hiyo karatasi juu chini. Unaona nini? Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza sikuona kitu, nikadhani nafanyiwa mzaha. Kumbe nilikuwa nimemshika ng'ombe mkononi. Zile nguzo mbili zinazoelekea juu ni pembe, ile ncha ya chini ni mdomo, na kile kijiti cha katikati ni paji la uso. Tangu chekechea nimekuwa nikimwandika ng'ombe kila siku, na hakuna siku hata moja aliyonipigia kelele.

Katika makala hii nataka kueleza herufi zetu zilitoka wapi na zilimaanisha nini zilipozaliwa. Nilipewa kazi hii na Chama cha Kiswahili nikaipokea shingo upande, maana nilitaka kuandika hadithi ya mapenzi. Lakini huko mbele utaona kwamba herufi moja tu ya irabu iliwanyamazisha watu wa ukoo wetu kwa muda wa miaka sabini, na sasa sijutii.

Tuanzie mbali. Katika rasi ya Sinai, kule Misri, kuna mahali panapoitwa Serabit el-Khadim ambapo watu wa kale walichimba mawe ya feruzi. Mwaka 1905 mtaalamu wa Kiingereza, Flinders Petrie, alikuta kwenye mawe ya mahali hapo michoro iliyofanana na maandishi ya Kimisri, ila haikusomeka kama Kimisri. Mwaka 1916 mwenzake, Alan Gardiner, alifaulu kulisoma neno moja lililojirudiarudia. Lilikuwa Baalat, yaani Bibi, jina la mungu wa kike aliyeabudiwa huko. Michoro hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 3,500. Waliochora walisema lugha iliyo ndugu wa Kiarabu na Kiebrania. Waliwaona Wamisri wakiandika kwa mamia ya picha, nao wakabuni njia ya mkato: picha chache tu, na kila picha isimamie sauti ya kwanza ya jina lake.

Hebu tufanye hivyo kwa Kiswahili ndipo tuelewane. Tukichora samaki, tusikusudie samaki bali sauti s. Tukichora nyumba, tukusudie ny. Tukichora ng'ombe, tukusudie ng'. Basi kwa picha ishirini na kitu unaweza kuandika neno lolote duniani, hata jina la mwalimu wa zamu. Huo ndio ujanja wote. Ng'ombe kwa lugha yao aliitwa alef, na nyumba iliitwa bet. Wafoinike wa pwani ya Lebanoni wakazipunguza zile picha mpaka zikawa mistari mitupu, herufi 22. Wagiriki wakazichukua yapata karne ya 8 kabla ya Kristo, wakasema alfa na beta bila kujua kwamba wanasema ng'ombe na nyumba. Hapo ndipo lilipotoka neno alfabeti. Kutoka kwa Wagiriki zikaenda Italia, zikafika Roma, na baada ya safari ndefu zikatua kwenye madaftari yetu hapa Eastlands.

Hiyo ni njia moja. Kulikuwa na njia ya pili iliyoelekea upande mwingine. Herufi zile zile za Wafoinike zilichukuliwa na Waaramu, kutoka kwao zikafika kwa Wanabatea waliojenga mji wa Petra katika nchi ya Yordani ya leo, na kutoka kwa Wanabatea zikazaliwa herufi za Kiarabu, 28 kwa jumla. Hizi nazo zikapanda jahazi zikaja Pate, Lamu, Mombasa na Kilwa. Kwa hivyo herufi za Biblia ya baba na herufi za msahafu wa nyanya ni ndugu wa tumbo moja. Nasema hivi kwa sababu kwetu dini zote mbili zipo mezani.

Kama huamini udugu huo, muulize mtu aliyesoma chuoni akutajie abjadi, ule mpangilio wa zamani wa herufi za Kiarabu. Unaanza alifu, be, jimu, dali. Katikati unafika kafu, lamu, mimu, nuni. Sasa taja za kwako: A, B, C, D, na huko mbele K, L, M, N. Hiyo si bahati nasibu! Siku hizi Waarabu wamezipanga upya kwa kufuata maumbo, zinazofanana zikawekwa pamoja, ndiyo maana be, te na the zinafuatana.

Nyingine ni hizi. M ilikuwa maji, na ukiitazama utaona mawimbi yake mpaka leo. Usikimbilie kusema ati neno letu maji limetoka huko kwa Waarabu kwa sababu wao husema mai. La hasha. Maji ni letu la Kibantu. Mkamba anasema manzi, na Mzulu kule Afrika Kusini anasema amanzi, na wote hao hawakuyapata kwa Mwarabu. N ilikuwa nyoka, tazama anavyojikunja. D ilikuwa mlango. K ilikuwa kiganja cha mkono. R ilikuwa kichwa cha mtu, na hapa Kiswahili kimeingia kweli kweli: kichwa kwa Kiarabu ni ras, ndipo tukapata rasi, nchi iliyochomoza kichwa baharini, na rais, yaani mtu aliye kichwa cha wengine. B ilikuwa nyumba, bait kwa Kiarabu, na washairi wetu wakaichukua wakasema ubeti na beti. Nilifurahi sana kujua kwamba shairi ni mtaa na kila ubeti ni nyumba. Tena mtaa uliopangwa sawasawa, si kama sisi ambao mabati ya jirani yamelalia dirisha letu.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni O. Hiyo ilikuwa jicho. Wafoinike waliichora duara na kuiita ain, na sauti yake ilitoka chini kabisa ya koo. Wagiriki hawakuwa na sauti hiyo, hivyo wakaitwaa ile duara bure wakaifanya irabu o. Waarabu wao waliiweka sauti yake, na mpaka leo herufi ain kwa Kiarabu maana yake ni jicho. Sasa sikiliza. Maneno haya ambayo Kiswahili kilikopa, yaani elimu, akili, asali, arusi, umri na adhabu, yote kwa Kiarabu yanaanza na ain. Sisi hatuitamki koo hiyo, hivyo hatuioni. Ila mzee wa zamani akiandika elimu, alianza kwa kuchora jicho.

Kwa sababu herufi zilianza zikiwa na maana, watu wengi duniani wamezipa nguvu zaidi ya kazi yake. Huko Ulaya ya kaskazini, Denmark, Norway na Sweden, kulikuwa na herufi za kale zinazoitwa runi. Nilizisoma katika kitabu kikubwa cha maarifa kwenye maktaba ya Kaloleni siku niliyokwenda kutafuta kitu kingine kabisa. Runi za mwanzo zilikuwa 24, idadi sawa na herufi za Kiswahili ukihesabu ch kuwa moja na kuziacha Q na X. Mpangilio wake huitwa futhark kwa kufuata sauti za runi sita za kwanza. Mojawapo ya maandishi ya runi ya zamani zaidi yako kwenye kitana cha nywele kilichopatikana Denmark, cha yapata mwaka 160 baada ya Kristo. Zina mistari iliyonyooka tu, na inasemekana ni kwa sababu zilichongwa kwa kisu kwenye mti. Jaribu kuchonga duara kwenye dawati utaelewa (usimwambie mwalimu nimekutuma). Herufi za Kiarabu zimejipinda na kujinyoosha kwa sababu zilipata kalamu ya tete na wino.

Runi nazo zilikuwa na majina yenye maana, na majina hayo yalihifadhiwa katika mashairi ya karne za baadaye. Ile yenye sauti i ni kijiti kimoja kilichosimama, nayo iliitwa barafu. Kuna ya jua, kuna ya mvua ya mawe. Na ile ya kwanza kabisa, yenye sauti f, iliitwa fehu. Maana yake? Ng'ombe! Ng'ombe, na pia mali. Niliposoma hapo nilicheka maktabani mpaka nikatazamwa vibaya. Watu wa jangwani waliweka ng'ombe mbele, na watu wa theluji nao wakaweka ng'ombe mbele. Mmasai angewaambia wote wawili kwamba hakuna cha ajabu hapo. Wasomi wanalihusisha neno hilo na neno la Kiingereza fee, yaani karo, kwa hivyo tunapofukuzwa nyumbani kwa ajili ya karo tunafuatiliwa na ng'ombe wa kale. Na kama unataka kuziona runi leo usiende Denmark. Tazama alama ya Bluetooth kwenye simu. Hiyo ni runi mbili zilizounganishwa, ya h na ya b, herufi za mwanzo za jina la Harald Bluetooth aliyekuwa mfalme wa Denmark katika karne ya 10.

Wako wanaosema runi zinatabiri bahati. Hapa kwetu nako herufi za Kiarabu zina hesabu yake ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea. Umewahi kuona gari au duka kule Eastleigh limeandikwa 786? Hiyo ni jumla ya herufi za bismillahi yote mpaka mwisho. Wapo wanaoitumia kwa heshima, na wapo masheikh wasioipenda. Mimi maoni yangu ni kwamba hesabu ni hesabu, wala gari lenye breki mbovu haliponi kwa sababu ya namba iliyo kwenye kioo. Lakini haya ni maoni ya mtoto wa kidato cha tatu.

Sasa nirudi kwa barua niliyoigusia.

Nyanya yangu, mzaa mama, anakaa Majengo, Pumwani. Nilipomweleza kazi niliyopewa na Chama, alininyamazia kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na mkebe wa bati wa biskuti ambao sikuwahi kuuona. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, imekuwa rangi ya chai, imeandikwa herufi za Kiarabu. Mimi nikadhani ni dua. Nyanya akasema, "Si dua, mjukuu wangu. Hiyo ni barua ya mjomba wangu, na ni Kiswahili."

Ndiyo, Kiswahili. Watu wengi, hata wa darasa letu, wanadhani Kiswahili kilianza kuandikwa Wazungu walipofika. Sivyo hata kidogo. Ziko barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 ambazo zimehifadhiwa Goa, nchini India. Uko Utenzi wa Tambuka, ambao huitwa pia Chuo cha Herkal, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa kwa kazi ya Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor kabla ya kuchapishwa mwaka 1940 kwa herufi tunazozijua. Carl Büttner alitoa kitabu Berlin mwaka 1892 kilichojaa barua za kawaida za Waswahili, zote kwa herufi za Kiarabu. Na hapa hapa Nairobi, ukisimama Kenyatta Avenue kwenye zile sanamu tatu za shaba za askari na mpagazi, zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, utaona maandishi ya Kirumi na ya Kiarabu pia. Wale wapagazi ndio waliouachia mtaa wa Kariokor jina lake, maana kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Nimepita pale mara nyingi sijui nini kimeandikwa, na wachuuzi waliokaa kivulini pake nao vivyo hivyo.

Mbona nyanya asiisome barua mwenyewe? Alisoma chuoni alipokuwa mdogo, anajua alifu kwa kijiti na hasomi msahafu kwa kubahatisha. Shida ni kwamba kuandika Kiswahili kwa herufi hizo kuna matata yake. Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala g yetu, wala ng'. Waandishi wa zamani walijikimu na zilizokuwapo. Be ikafanya kazi ya b, p na mb. Fe ikafanya kazi ya f na v. Ghaini ikabeba g na ng'. Herufi be mbili zinazofuatana ungeweza kuzisoma baba, papa, bamba au pamba, uchague mwenyewe. Mtu akiandika kwamba dada yake anafua nguo, shetani wako akitaka utasoma kwamba anavua nguo! Baadaye watu walianza kuazima herufi za Kiajemi, be yenye nukta tatu kwa p, jimu yenye nukta tatu kwa ch, na kutumia fe yenye nukta tatu kwa v, lakini si kila mwandishi alizitumia. Katika siku za karibu zaidi Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walitoa mapendekezo kamili mwaka 1997 ya jinsi kila sauti ya Kiswahili ingeweza kupata alama yake.

Irabu ndizo mbaya zaidi. Kiarabu kina vialama vitatu: fataha kwa a, kasra kwa i, dhuma kwa u. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hivyo e ilikaa chumba kimoja na i, na o ikakaa chumba kimoja na u, kama sisi watoto wanne na kitanda kimoja.

Usidhani wazee walikuwa wajinga. Walikuwa wakiandika kwa watu waliokijua Kiswahili tangu tumboni, na tenzi nyingi watu walizijua kwa moyo kabla ya kuziona kwenye karatasi. Mbona Waingereza wanaandika though na tough na hatuwacheki? Hata herufi zetu za leo zina siri: andika barabara, mimi nijue vipi kama unasema njia ya magari au unasema sawasawa? Tena herufi za Kiarabu zilihifadhi mambo ambayo sisi tumeyapoteza. Mzee alipoandika habari, herufi ya kwanza ilikuwa ile ya kukwaruza koo, khe. Alipoandika haki ilikuwa he nyingine. Kwetu zote ni h tu.

Mambo yalianza kugeuka Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 akaanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, naye Edward Steere akafanya hivyo Unguja. Shule zikafuata, serikali ya kikoloni ikafuata. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ukakubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zote za hapa. Nakubali kwamba kwa irabu tano herufi za Kirumi zilitufaa. Ila hakuna aliyekaa chini kuwasomea watu barua zao za zamani kabla mlango haujafungwa.

Barua yetu ina tarehe ya Kiislamu, mwaka 1373, ambao unaingia 1953 na 1954. Mjomba wa nyanya alikuwa amekwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, naye hakujua kuandika, akaandikiwa na rafiki yake. Ilipofika Majengo, mama yake nyanya, ambaye ndiye dada wa huyo mjomba, alimwita kijana mmoja wa chuoni amsomee. Kijana akasoma salamu, ambazo zilikuwa ndefu kama kawaida, akafika kwenye mstari unaosema habari za kaka yake. Akasoma, "Ameua." Mama akaruka akamnyang'anya ile karatasi, akaikunja, akamwambia kijana asiseme kwa mtu.

Kumbuka mwaka huo, msomaji. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakapita mtaa hadi mtaa huku Eastlands wakikamata watu kwa maelfu na kuwapeleka kizuizini. Wakati kama huo kuwa na karatasi ndani ya nyumba inayosema ndugu yako ameua si jambo la mchezo, hata kama aliua Tanga, hata kama aliua nani. Mama huyo hakujibu barua. Nyanya, aliyekuwa msichana wa miaka minane, alionywa asitaje tena jina la mjomba, wala asimpe mtu yeyote karatasi ile. Na hakumpa. Mama yangu amekua bila kujua kwamba kulikuwa na mjomba.

Nilimuuliza kwa nini ananionyesha mimi. Akasema, "Aliyenikataza amekufa, na aliyeua naye amekufa. Sasa atafungwa nani?"

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa maalimu mmoja mzee wa huko huko Pumwani. Aliisogeza barua dirishani, akavaa miwani, akawa anaifuata kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto. Alisoma salamu zote. Alipofika kwenye ule mstari alisita. Akamuuliza nyanya, "Mama, huyu ndugu alipoondoka hapa alikuwa na mke?"

Nyanya akasema, "Hakuwa naye, maalimu."

Maalimu akanigeukia mimi niliyekuwa na daftari. Akaniandikia neno lenyewe: alifu yenye fataha, mimu yenye kasra, wau yenye dhuma, kisha a ya mwisho. Akaniambia, "Soma, mwanangu. Hapa kuna ameua. Na hapa hapa kuna ameoa. Mkono mmoja, wino mmoja." Nilihisi nywele zikisimama. O na u, chumba kimoja!

"Basi ni lipi?" nyanya akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Maalimu akaikunjua karatasi yote. Mstari wa chini yake uko mahali palipokunjwa na umefifia, nusu yake haisomeki kabisa. Lakini kuna neno moja lililobaki zima, nalo ni neno la asili ya Kiarabu, na maneno hayo wazee waliyaandika vile vile yalivyo kwenye Kiarabu, hayana cha kubahatisha. Neno hilo ni mahari. Baada yake akasoma kwamba nusu imelipwa, nusu imebaki, na kwamba anamwomba dada yake amsaidie kwa hiyo nusu akiweza. Kisha jina la mke, limeandikwa kwa be. Maalimu akasema kwa kuwa hakuna mwanamke aitwaye Bili, huyo atakuwa Pili.

Kumbe yule kijana angeachiwa asome mstari mmoja zaidi tu! Wala simlaumu, wala simlaumu mama yake nyanya. Lakini kuna bwana arusi aliyekaa Tanga akingoja jibu la dada yake, na jibu halikuja, na sijui yeye aliifikiriaje hiyo kimya.

Nyanya hakulia pale. Alilia kwenye njia tukirudi, akasimama karibu na duka la mkaa, akasema, "Kwa hivyo kuna watoto." Alihesabu kwa vidole: kama walizaa, watoto hao ni wazee kama yeye, na wana wajukuu kama mimi. Barua inataja mtaa wa Ngamiani. Kuna jirani yetu ambaye huenda Tanga kuchukua bidhaa, na tumemwomba aulize misikiti ya huko habari za mtu aliyefanya kazi ya mkonge na mkewe Pili. Amekubali kwenda nayo barua, si ile ya asili bali nakala niliyoitoa mimi kwa herufi za Kirumi, mstari kwa mstari, pale pasiposomeka nikaweka vitone. Nyanya aliishika akanionyesha lile neno, akataka kujua ni ipi o. Nikamwonyesha. Akasema niikoleze kwa kalamu nyeusi, nami nikaikoleza.